Kati ya "ji" na "ana"

Kiswahili kina viungo viwili vidogo ambavyo nimekuwa nikivichunguza kwa miaka kadhaa, kama fundi anavyochunguza bawaba za mlango. Cha kwanza ni "ji": kujifunza, kujituma, kujirekebisha, kujiboresha. Cha pili ni "ana": kufundishana, kusaidiana, kukosoana, kufahamiana. Kwenye "ji" mtendaji anajigeukia mwenyewe. Kwenye "ana" tendo linakwenda na kurudi baina ya watu. Sasa tazama ushauri tunaopewa. Ukitaka kukuza kipaji chako utaambiwa ujiwekee malengo, ujipime, ujishinde. Ukilalamika kwamba una upweke utaambiwa utoke, uchangamane, ukutane na watu. Anayefuata ushauri wa aina zote mbili husimama kizingitini, hajui afunge mlango au aufungue.

Nimesimama hapo kwa muda mrefu. Ninachokiamini leo ni kwamba kubuni, kujiboresha na kuwa na rafiki wa kweli ni shughuli moja yenye zamu. Ipo zamu ya "ji" na ipo zamu ya "ana", na mengi yanayotukatisha tamaa hutokea pale tunapoleta ya pili kabla ya wakati wake, au tunapoileta kwa mtu asiyefaa.

Wazo likiwa changa

Tuanze na dhana iliyozoeleka ofisini na madarasani: kwamba watu wakikaa mezani pamoja na kumwaga mawazo bila kukosoana, watapata mengi kuliko kila mmoja akiwaza peke yake. Aliyeieneza zaidi ni Alex Osborn, Mmarekani aliyefanya kazi ya matangazo ya biashara, katika kitabu alichokitoa mwaka 1953. Nia yake ilikuwa njema, kwa kuwa alitaka kumtoa hakimu chumbani. Lakini mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliipima dhana hiyo. Waliwaweka watu wannewanne kwenye vikundi, halafu wakachukua wengine waliowaza kila mtu kivyake, wakayajumlisha mawazo ya wanne wanne kati yao na kuyaondoa yaliyojirudia. Waliowaza peke yao waliwashinda waliokaa kikundini.

Sababu yake ilichelewa kujulikana. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha kwamba kikwazo kikubwa kilikuwa kitu kinachoonekana kidogo mno, nacho ni kusubiri zamu ya kusema. Mmoja anapozungumza, wengine wanayashikilia mawazo yao yasiwatoroke, na akili iliyoshika kimoja haina mkono wa kunyakua kingine. Yeyote aliyewahi kukaa kikaoni na neno likamfia mdomoni anaijua hali hiyo.

Lipo pia jambo la ndani zaidi ya zamu. Kwa miongo mingi majaribio kuhusu mtu anayetazamwa yalikuwa yakipingana: mara yaonyeshe kwamba macho ya watu yanampa nguvu, mara kwamba yanamvuruga. Mwaka 1965 Robert Zajonc aliyapatanisha. Alieleza kwamba kutazamwa huuamsha mwili na kulisukuma mbele tendo ambalo tayari limekaa mkononi. Ukifanya ulichokizoea, kilichokaa mkononi ni ustadi, kwa hiyo hadhira inakuinua. Ukiwa bado unajifunza, kilichokaa mkononi ni makosa, na ndiyo yanayosukumwa mbele. Miaka minne baadaye yeye na wenzake waliwajaribu mende. Katika njia iliyonyooka, mende waliotazamwa na mende wengine walikimbia haraka zaidi. Katika njia yenye kona, walichelewa zaidi kuliko walipokuwa peke yao.

Nampenda sana mende huyo wa konani. Ananionyesha kwamba aibu ya mwanagenzi haina uhusiano na udhaifu wa tabia. Mtoto anayefunika daftari kwa kiwiko ili usione anachochora anafanya jambo la busara, ingawa hawezi kulieleza.

Nilianza kutunga mashairi nikiwa kijana. Beti zangu za mwanzo zilikuwa mbovu, vina vimelazimishwa, mizani inapelea, lakini niliandika kila jioni kwa sababu hapakuwa na msomaji. Baadaye nikaingiwa na haraka. Shairi likizaliwa asubuhi, jioni nilikuwa nimeshalionyesha kwa kila aliyekubali kulipokea. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa natunga shairi la aina moja tu, lile lililowahi kusifiwa, nikilibadilisha mavazi. Sikuhisi likitokea. Nilidhani nimepata mtindo wangu.

Miaka mingi baadaye nilisoma utafiti wa Teresa Amabile wa mwaka 1985, na nikajiona ndani yake. Aliwaita watu 72 waliokuwa wakiandika kwa mapenzi yao, akawaomba watunge shairi fupi. Kisha baadhi yao wakapewa orodha ya sababu za kuandika zinazohusu furaha ya kazi yenyewe, waipange kwa umuhimu. Wengine wakapewa orodha ya sababu za nje, kama vile kusifiwa au kupata fedha. Kundi la tatu halikupewa orodha yoyote. Baada ya hapo wote wakatunga shairi la pili, na washairi wazoefu wakayapima mashairi bila kujua ya nani ni yapi. Waliotumia dakika chache tu kuzifikiria sababu za nje walishuka kiwango. Hakuna aliyewalipa wala kuwasifu. Wazo la kusifiwa lilitosha.

Ndiyo maana nasema zamu ya kwanza ni ya "ji". Wazo likiwa changa linahitaji giza kidogo, kama mbegu. Ila tusidanganyane: kukaa peke yako hakumwondoi hakimu ikiwa umemfungia ndani pamoja nawe. Nimewahi kukaa usiku kucha na karatasi nyeupe, mlango umefungwa, simu imezimwa, na bado nikawa naandika mbele ya umati niliouumba kichwani. Upweke wa namna hiyo hauzai chochote. Ninachokiita zamu ya "ji" ni saa ambazo umemsahau mtazamaji, ukazama kwenye kitu chenyewe mpaka ukaanza kukisikiliza kinataka nini.

Kujifunza ambako ndani yake mna mwalimu

Kuhusu kujiboresha, wengi wamesikia habari ya saa elfu kumi. Chimbuko lake ni utafiti uliochapishwa mwaka 1993 na Anders Ericsson pamoja na Ralf Krampe na Clemens Tesch-Römer, waliowachunguza wapiga fidla wa chuo cha muziki cha Berlin Magharibi. Waliosifika kuwa bora kabisa walikuwa wamefanya mazoezi kwa wastani wa saa kama 10,000 walipofikia miaka 20. Huo ni wastani tu: nusu yao walikuwa bado hawajaifikia idadi hiyo. Hata hivyo habari ilisafiri ikageuka kuwa ahadi: timiza saa hizo, utakuwa gwiji. Ericsson mwenyewe aliipinga tafsiri hiyo. Na mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenzake walipojumlisha tafiti nyingi, waliona mazoezi ya makusudi yanaeleza takriban asilimia 21 ya tofauti za uwezo kati ya wanamuziki, asilimia 18 kati ya wanamichezo, na chini ya asilimia moja katika taaluma nyingine. Mazoezi yana nguvu, lakini hayafanyi kazi peke yao.

Kinachonigusa kwenye utafiti ule wa Berlin ni jambo ambalo halitajwi sana. Wapiga fidla waliulizwa ni shughuli gani inawakuza zaidi, na makundi yote yakaweka mbele mazoezi ya peke yao. Makundi mawili ya juu yalitumia takriban saa 24 kwa wiki kufanya hivyo, na wale waliokuwa wakisomea ualimu wa muziki takriban saa 9. Hapo "ji" inaonekana kushinda kabisa. Lakini jiulize: ndani ya chumba kile cha mazoezi walikuwa wakifanya nini? Walikuwa wakirudia kipande ambacho mwalimu aliwaonyesha kwamba kimepinda. Wangerudi kwake, angesikiliza, angewaonyesha kingine. Saa zao za peke yao zilikuwa zimebeba sikio la mtu mwingine.

Lugha yetu ililijua hili mapema. Tunasema "kujifunza" kwa sababu hakuna awezaye kunijifunzia. Lakini ndani ya neno hilo limekaa "funza", kitenzi kinachomtaka mfunzaji. Mtu anayejifunza amemchukua mwalimu akamhamishia ndani yake. Kama hajawahi kuwa na mwalimu wa kumhamisha, atajifunza makosa yake mwenyewe na kuyakomaza. Nasema hivi kwa sababu nilifanya hivyo. Kwa miaka minne nilikuwa na kosa moja la kukata mshororo katikati ya wazo, na kila shairi jipya lililizidisha. Nililiondoa kwa alasiri moja tu, rafiki aliponisomea shairi langu kwa sauti na kukwama mahali palepale mara tatu. Hakusema neno. Alikwama tu, akaniangalia.

Barua za Darwin na Hooker

Mfano ninaourudia kila ninapotaka kuona zamu hizi mbili zikifuatana vizuri ni urafiki wa Charles Darwin, mwanasayansi wa viumbe, na mtaalamu wa mimea Joseph Hooker. Darwin alirudi Uingereza Oktoba 1836 baada ya safari ya karibu miaka mitano kuizunguka dunia. Julai 1837 alifungua daftari lake la kwanza kuhusu namna viumbe vinavyobadilika kutoka aina moja hadi nyingine. Kwa miaka sita na zaidi alilitunza wazo hilo karibu peke yake. Huo ulikuwa wakati wa "ji", nao ulikuwa mrefu. Daftari lilipokea kila kitu: maswali, ubishi na nafsi, mawazo aliyoyaandika na kuyafuta.

Tarehe 11 Januari 1844 akamwandikia Hooker, kijana wa miaka 26 aliyekuwa amerejea majuzi kutoka bahari za kusini. Waliandikiana kuhusu mimea, na katikati ya barua hiyo Darwin akafungua moyo. Alisema anakaribia kusadiki kwamba aina za viumbe hubadilika, na kwamba kulisema hilo ni kama kukiri mauaji.

Hooker angeweza kushtuka. Angeweza pia kumsifu mkubwa wake. Alijibu kwamba huenda mabadiliko ya polepole yametokea, na kwamba angefurahi kusikia Darwin anadhani yalitokeaje, kwa kuwa maelezo yaliyokuwapo hayakumridhisha. Yasome tena majibu hayo. Hayana sifa wala hukumu. Yamejaa hamu ya kujua. Kwangu mimi hiyo ndiyo alama ya mtu wa kumwonyesha wazo changa: anavutwa na kile unachokitazama kuliko anavyovutwa na wewe.

Urafiki huo haukuwa mwepesi. Mwaka 1845 Hooker aliandika, akimlenga mtaalamu mwingine kabisa, kwamba mtu asiyeeleza kwa undani aina nyingi za viumbe hana haki ya kulijadili swali la chimbuko lao. Maneno hayo yalimchoma Darwin, naye akakiri kwa Hooker kwamba ni ya kweli na yanamuuma. Mwaka uliofuata alianza kuchunguza viumbe vidogo vya baharini vyenye gamba, vile vinavyong'ang'ania miamba na sehemu ya chini ya meli. Alianza na kimoja alichokipata Chile, akaishia kuvichunguza kwa miaka minane. Neno la Hooker halikuwa sababu pekee, lakini lilikuwa mojawapo. Kazi hiyo ilimpa heshima mbele ya wataalamu, akatunukiwa nishani na Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, mwaka 1853, na ikamwonyesha kwa macho yake jinsi viumbe vya aina moja vinavyotofautiana. Hivi ndivyo "ana" inavyomrudisha mtu kwenye "ji" akiwa na kazi mpya mikononi. Hooker hakumwambia ajiboreshe. Alisema kweli, na Darwin akaitii.

Mwaka 1855 wakabishana tena: je, mbegu zinaweza kuvuka bahari na kuota ng'ambo? Hooker alidhani maji ya chumvi yataziua. Darwin akaziloweka nyumbani kwenye vyombo vya maji ya chumvi, akasubiri, akazipanda, na nyingi zikaota. Katika barua yake anasimulia kwamba watoto wake walikuwa wakimuuliza mara kwa mara kama atamshinda Daktari Hooker. Ninapofika hapo hufurahi kama vile nilikuwamo nyumbani humo. Ubishi ulikuwa mkali kiasi cha kuzaa jaribio, na wenye upendo kiasi cha kuwa mchezo wa watoto.

Rafiki si ngazi

Hapa ndipo penye hatari, na ndipo nilipokosea. Ukishaelewa kwamba watu wazuri wanakukuza, ni rahisi kuanza kuwachagua kama vifaa. Huyu anafaa kunisomea kazi, yule ananifungulia njia, mwingine hana faida. Nilikuwa na rafiki, yuleyule aliyekwama mara tatu kwenye mshororo wangu. Siku moja nilimpigia simu, naye kabla ya salamu kwisha akauliza, "Leo umeleta shairi gani?" Nikajibu kwa furaha kwamba ninalo moja. Akanyamaza, kisha akasema taratibu kwamba kwa miezi saba sijawahi kumpigia kumjulia hali. Alikuwa amepoteza kazi katika miezi hiyo. Sikujua, kwa sababu sikuwa nimeuliza. Nilimsikiliza kwa saa nzima nikiwa na aibu ambayo bado ninayo, na ninataka niendelee kuwa nayo.

Kwa hiyo ninapokutana na takwimu za faida za urafiki, nazipokea kwa tahadhari. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walijumlisha tafiti 148 zilizohusisha watu zaidi ya 308,000, wakaona kwamba wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa kuwa hai mkubwa kwa asilimia 50 kuliko wenye mahusiano hafifu. Ni matokeo mazito, na wanaopanga miji, shule na hospitali wanapaswa kuyazingatia. Lakini mtu mmoja akiyageuza kuwa sababu ya kumtembelea mwenzake, ziara hiyo imeshaharibika. Ni orodha ileile ya sababu za nje ya Amabile, safari hii imewekwa juu ya meza ya urafiki. Sina utafiti wa kuthibitisha kwamba inaua urafiki kama inavyolidhoofisha shairi. Nasema kwa kujiona.

Urafiki unahitaji nini basi? Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alijaribu kukadiria saa zake, na mwaka 2018 akatoa makisio: takriban saa 50 za kuwa pamoja kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida, saa 90 hadi urafiki hasa, na zaidi ya 200 hadi urafiki wa karibu. Kilichonigusa kuliko idadi hizo ni kwamba saa za kazini hazikuwa na uzito sawa na saa za kupiga soga, kutaniana na kukaa tu. Muda usio na shabaha ndio ulioshona. Mtu aliyejipangia kila dakika kwa ajili ya kujiboresha hana muda wa aina hiyo wa kumpa yeyote.

Kikwazo kingine kimo vichwani mwetu. Mwaka huohuo wa 2018 Erica Boothby na wenzake waliwakutanisha watu wasiojuana, wakazungumza, kisha kila mmoja akaulizwa alivyompenda mwenzake na anavyodhani mwenzake alivyompenda. Mara nyingi kila mmoja alidhani amependwa kidogo kuliko ilivyokuwa. Waliwafuata pia wanafunzi walioishi pamoja bwenini, na pengo hilo lilidumu kwa miezi. Wakati wewe unahesabu maneno uliyokosea, mwenzako anabaki na furaha ya kuwa nawe, naye anahesabu yake. Ni yule hakimu wa karatasi nyeupe, amehama kutoka kwenye shairi akaingia kwenye mazungumzo.

Nilipoligundua hilo, nilibadilisha jambo moja. Shairi likiwa changa nalificha wiki kadhaa. Likisimama, nampelekea mtu mmoja, naye ana haki ya kukwama. Na kati ya shairi moja na jingine nampigia simu bila chochote mkononi, mara nyingi zaidi kuliko ninavyompigia nikiwa nacho. Siku za mwanzo simu hizo zilikuwa nzito. Tulikuwa tumesahau jinsi ya kuzungumza bila karatasi katikati yetu, na mara mbili tulikata baada ya dakika tano.

Septemba 1863 binti mdogo wa Hooker alifariki, akiwa na miaka sita. Saa moja baadaye baba yake alishika kalamu akamwandikia Darwin. Alimwambia kwamba katika huzuni yake anamfikiria yeye kuliko rafiki mwingine yeyote. Darwin alikuwa amempoteza binti yake Annie, wa miaka kumi, mwaka 1851.